Viwanja Vitatu, Hatima Tatu

Kati ya mwaka 1995 na 2003, klabu tatu za soka za kaskazini mashariki mwa Uingereza zilifunga viwanja vyao vya zamani na kuhamia vipya. Middlesbrough ilitangulia, ikafuata Sunderland, ikamalizia Darlington. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Miji yote mitatu ilikuzwa na kazi nzito: chuma cha Middlesbrough, makaa ya mawe na meli za Sunderland, reli ya Darlington. Klabu zenyewe nazo zilikuwa zimepitia taabu. Moja ilikuwa imenusurika kufa miaka tisa kabla. Nyingine ilishuka daraja miezi michache tu kabla ya kuhama. Ya tatu ilikuwa imekwama daraja la nne tangu 1992. Mashabiki wa kila klabu waliambiwa jambo lilelile: uwanja ukipatikana, mengine yatafuata.

Mengine yalifuata kweli. Ila yaliyofuata Middlesbrough siyo yaliyofuata Darlington, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya historia ya viwanja hivi vitatu isimuliwe pamoja.

Amri ya viti

Wimbi la kuhama lilianzia kwenye misiba. Tarehe 11 Mei 1985 jukwaa la mbao la uwanja wa Bradford liliwaka moto mechi ikiendelea, na watu 56 wakafa. Tarehe 15 Aprili 1989, katika nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio wa jukwaa la kusimama katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Waliopoteza maisha kwa mkasa huo walifikia 97. Jaji Peter Taylor, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990. Pendekezo lililobadili sura ya soka ya nchi hiyo lilikuwa kwamba majukwaa ya kusimama yaondolewe na kila mtazamaji awe na kiti chake. Klabu za madaraja mawili ya juu zikapewa hadi mwaka 1994 kutekeleza.

Amri hiyo ilikuwa na hesabu zake. Jukwaa lililomeza maelfu ya watu waliosimama bega kwa bega hubeba nusu yao, au pungufu, wakishawekewa viti. Viwanja vya zamani vilijengwa katikati ya mitaa ya wafanyakazi, ukuta wa jukwaa ukipakana na ua wa nyumba ya mtu, kwa hiyo pa kupanulia hapakuwapo. Klabu ilibaki na njia mbili. Ama ikarabati palepale na ikubali kupoteza watazamaji, ama iuze ardhi ya mjini kwa wajenzi wa nyumba na ijenge kwingine. Kaskazini mashariki, ardhi ya kujenga kwingine haikuwa tatizo. Gati zilikuwa tupu, migodi ilikuwa ikifungwa, na mamlaka za maendeleo zilikuwa zikihangaika kumtafuta yeyote atakayesimamisha chochote mahali pale.

Kufuli la Ayresome

Middlesbrough ilikuwa ikicheza Ayresome Park tangu 1903. Ni uwanja uliokuwa na historia yake: hapo ndipo Korea Kaskazini ilipoitoa Italia kwenye Kombe la Dunia mwaka 1966, kwa bao la Pak Doo-ik, na wenyeji wakawashangilia Wakorea kana kwamba ni vijana wa mtaani kwao. Miaka 20 baadaye, kiangazi cha 1986, klabu ilikuwa imeporomoka hadi daraja la tatu na madeni yameifika shingoni. Mfilisi akaingia na mageti ya Ayresome yakatiwa kufuli. Wachezaji wa kocha Bruce Rioch wakawa wanafanya mazoezi kwenye bustani za umma.

Kundi la wafanyabiashara liliiokoa klabu zikiwa zimesalia dakika chache muda wa kujiandikisha ligini umalizike. Mageti bado hayajafunguliwa, mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Port Vale ikabidi ichezwe mji wa jirani wa Hartlepool, mbele ya watu wasiofika 4,000. Miongoni mwa waokoaji hao alikuwamo Steve Gibson, mzaliwa wa mji huo, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Alikuwa akijenga utajiri wake kwa biashara ya kusafirisha kemikali, na tangu siku hiyo hakuondoka.

Gibson alishika uenyekiti mwaka 1994. Hatua yake kubwa ya kwanza ilikuwa kumleta Bryan Robson, nahodha wa zamani wa Manchester United na wa timu ya taifa, awe kocha huku akiendelea kucheza. Msimu wa 1994/95, wa mwisho Ayresome, Robson aliipandisha timu Ligi Kuu ikiwa bingwa wa daraja la pili. Mpangilio huu wa mambo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Timu ilipanda kwanza, ndipo uwanja ukafunguliwa. Watu hawakuitwa kuja kutazama zege. Waliitwa kuja kutazama timu iliyokuwa imekwisha kuwarudishia hamu.

Riverside ilijengwa kwenye ardhi ya bandari iliyotelekezwa kando ya mto Tees, kwa takriban pauni milioni 16, ikiwa na viti 30,000 hivi. Tarehe 26 Agosti 1995 Chelsea walikuja kuifungua wakaondoka na kichapo cha mabao 2-0. Craig Hignett ndiye aliyefunga bao la kwanza. Msimu wake wa mwisho Ayresome, Middlesbrough ilikuwa haifikishi wastani wa watazamaji 20,000. Msimu wa kwanza Riverside walikaribia 30,000. Miezi miwili baada ya uzinduzi akatua Juninho kutoka São Paulo, Mbrazili mdogo wa umbo aliyekuwa tayari katika timu yake ya taifa. Mwaka uliofuata akaja Fabrizio Ravanelli, aliyetoka kuifungia Juventus katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mji ambao kufuli lilikuwa halijasahaulika ukawa unasajili majina ya Ulaya na Amerika Kusini.

Halafu likaja somo ambalo Riverside haikuweza kulizuia. Desemba 1996 Middlesbrough ilishindwa kusafiri kwenda kucheza na Blackburn, ikisema wachezaji wengi ni wagonjwa na majeruhi. Ligi ikaikata pointi 3. Msimu huohuo ilifika fainali mbili, ya Kombe la Ligi na ya Kombe la FA, ikapoteza zote mbili, kisha ikashuka daraja. Zile pointi 3 zingebaki, isingeshuka. Uwanja mpya uliojaa kila wiki, nyota wa kimataifa na fainali mbili Wembley havikufua dafu mbele ya uamuzi mmoja mbovu wa ofisini.

Kilichofuata ndicho kilichoitofautisha Middlesbrough. Gibson hakuuza wala hakukimbia. Timu ikarudi Ligi Kuu mwaka 1998. Tarehe 29 Februari 2004, chini ya kocha Steve McClaren, iliifunga Bolton 2-1 mjini Cardiff na kutwaa Kombe la Ligi, taji lake kubwa la kwanza tangu klabu ianzishwe mwaka 1876. Miaka miwili baadaye ilikuwa kwenye fainali ya Kombe la UEFA. Njiani kuelekea huko, Riverside iliona usiku wa aina yake mara mbili. Basel na kisha Steaua Bucharest walikuja na uongozi uliotosha kuwavusha, na mara zote mbili Massimo Maccarone akafunga bao la ushindi dakika za mwishoni. Fainali yenyewe, iliyochezwa Eindhoven, Sevilla ilishinda 4-0.

Mageti ya Ayresome, yaleyale yaliyotiwa kufuli mwaka 1986, yalibebwa hadi Riverside yakasimamishwa mbele ya uwanja. Anayekwenda kutazama mechi huyaona kabla hajafika kwenye kiti chake.

Juu ya mgodi

Sunderland walikuwa na ukubwa wa kihistoria ambao Middlesbrough hawakuwa nao. Ubingwa wa nchi mara sita, wa mwisho mwaka 1936. Kombe la FA mwaka 1937, na tena 1973 wakiwa timu ya daraja la pili iliyoiangusha Leeds kwa bao la Ian Porterfield. Lakini kufikia miaka ya 1990 ukubwa huo ulikuwa masimulizi ya wazee. Roker Park, uwanja uliofunguliwa 1898, ulikuwa umepunguzwa hadi kubeba watu wapatao 22,000. Mji nao ulikuwa umepoteza viwanda vyake vya meli, na Desemba 1993 mgodi wa Monkwearmouth ukafungwa, mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe katika eneo zima la Durham.

Mwenyekiti Bob Murray akauchukua uwanda huo wa mgodi. Waliokuwa wakishuka chini ya ardhi na taa zao kila alfajiri sasa wangekwenda mahali palepale Jumamosi mchana kutazama mpira. Uwanja ukaitwa Stadium of Light, Uwanja wa Nuru, na mbele yake ikawekwa sanamu ya taa ya mchimba mgodi.

Timu haikusubiri kuhamia ndiyo ianguke. Mei 1997, katika siku ya mwisho ya msimu, ilishuka daraja ikiwa na pointi 40. Katika kuiaga Roker Park, Charlie Hurley, nahodha wa enzi zilizopita, alikata kipande cha nyasi cha katikati ya uwanja ili kihamishiwe kule kupya. Tarehe 30 Julai Ajax walikuja kwa mechi ya uzinduzi iliyoisha 0-0. Kwa hiyo uwanja wa viti 42,000, mkubwa kuliko viwanja vingi vya Ligi Kuu ya wakati ule, ulianza maisha yake daraja la pili.

Mtu angetazamia viti vitupu. Mechi ya kwanza ya ligi, dhidi ya Manchester City, ilivuta watu zaidi ya 38,000, na wastani wa msimu mzima ukapita 33,000. Hao walikuwa wapi miaka yote? Walikuwapo. Roker Park haikuwa na nafasi yao. Sunderland ilikuwa klabu kubwa iliyofungiwa katika chumba kidogo, na uwanja ukafungua mlango. Mwaka 1998 kocha Peter Reid alifika fainali ya mchujo wa kupanda daraja Wembley, dhidi ya Charlton. Mechi iliisha 4-4, kisha Sunderland ikapoteza 7-6 kwa penalti. Mabao matatu ya Charlton yalifungwa na Clive Mendonca, aliyekulia Sunderland na shabiki wa klabu hiyo tangu utotoni. Msimu uliofuata timu ilimaliza kazi bila kusubiri mchujo: ubingwa wa daraja la pili kwa pointi 105, ambazo wakati ule zilikuwa rekodi.

Misimu miwili mfululizo Sunderland ilimaliza ya saba Ligi Kuu. Kevin Phillips alifunga mabao 30 msimu wa 1999/2000 na kupata Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Uwanja ulipanuliwa hadi viti 49,000 hivi, na msimu wa 2000/01 wastani wa watazamaji ulipita 46,000. Kwa miaka hiyo minne, yeyote aliyetaka ushahidi kwamba uwanja mpya huibadili klabu alionyeshwa Sunderland.

Msimu wa 2002/03 timu ikashuka na pointi 19. Ikapanda, kisha 2005/06 ikashuka tena na pointi 15, na rekodi hiyo mpya ya aibu ikawa mali yake pia. Ni uwanja uleule, katika mji uleule, na watu bado walikuwa wakija kwa makumi elfu. Kilichobadilika ni nani alisajiliwa na kwa bei gani, nani alikopwa na atalipwa lini. Mwaka 2006 mshambuliaji wa zamani Niall Quinn aliongoza kundi la wawekezaji wa Ireland kuinunua klabu, akamleta Roy Keane kuwa kocha, na ndani ya msimu mmoja ikarudi juu ikiwa bingwa.

Mwenyekiti wa Darlington

Darlington ni mji mdogo wa watu wapatao 100,000, unaojulikana duniani kwa reli yake ya mwaka 1825. Klabu yake, iliyoanzishwa 1883, ilikuwa ikicheza Feethams, uwanja wa kupendeza uliopakana na wa kriketi, wenye minara miwili midogo kwenye lango. Feethams ulibeba watu 8,500 hivi na haukujaa. Watazamaji wa kawaida walikuwa kama elfu tatu. Amri ya viti haikuihusu klabu ya daraja la nne, hivyo hakuna sheria iliyoisukuma kuhama.

Aliyeisukuma ni George Reynolds. Alikuwa mzaliwa wa Sunderland, aliyewahi kufungwa jela kwa kuvunja masanduku ya fedha, kisha akatajirika kwa kutengeneza mbao za juu za meza za jikoni. Aliinunua Darlington mwaka 1999 ikiwa na madeni ya takriban pauni milioni 5, akayalipa. Kwa hilo mashabiki walimpenda, na walikuwa na haki. Kisha akaahidi kuifikisha klabu Ligi Kuu ndani ya miaka mitano. Alikuwa ameona Middlesbrough na Sunderland zinavyojaza viwanja vyao na akasoma hadithi hiyo kinyumenyume. Yeye aliona kwamba uwanja ndio uliowaita watu.

Kiangazi cha 2002 akamtembeza Faustino Asprilla, mshambuliaji wa Kolombia aliyewahi kung'ara Newcastle na Parma, mbele ya mashabiki wa Feethams. Usajili ulionekana umekamilika. Kabla ya vipimo vya afya Asprilla akapanda ndege akaenda zake, wala hakurudi. Ilikuwa ishara, lakini ujenzi ulikuwa umepamba moto. Pembezoni mwa mji, mashambani, uliinuka uwanja wa viti 25,000 wenye ngazi za umeme na sakafu za marumaru, uliogharimu takriban pauni milioni 18. Reynolds aliupa jina lake mwenyewe. Kibali cha ujenzi kilikuwa na sharti kwamba watazamaji wasizidi 10,000, kwa sababu barabara za pale zisingehimili zaidi. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya viti vilijengwa huku ikijulikana kwamba havitakaliwa.

Tarehe 16 Agosti 2003 Kidderminster Harriers walikuja kuufungua. Siku hiyo kikomo cha kibali kilipitwa: walikuja watu 11,600, wengi wao kuona jengo. Kidderminster ikashinda 2-0. Umati wa namna ile kwa mechi ya klabu haukuonekana tena.

Sasa hesabu zikaanza kula. Uwanja wa viti 25,000 unataka taa, joto, bima, kodi ya jengo na walinzi, wawe wamekuja watu 2,000 au 20,000. Daraja la nne fedha za televisheni ni kidogo, kwa hiyo mapato ya mlangoni ndiyo uhai wa klabu, na mlangoni walipita wachache kuliko gharama zilivyodai. Tena walikaa wametawanyika katika bahari ya viti, kelele zao zikipotelea juu ya paa, na timu ngeni hazikuona cha kuogopa. Desemba 2003, miezi minne baada ya uzinduzi, klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Reynolds akaondoka Januari. Baadaye mwaka huo polisi walimkamata akiwa na pauni 500,000 taslimu ndani ya buti la gari, na mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kukwepa kodi.

Jengo likabaki, na likawa mzigo wa kila aliyekuja baada yake. Deni lililoujenga uwanja liliwapa wakopeshaji sauti kuliko klabu yenyewe. Mwaka 2009 ikaingia tena mikononi mwa msimamizi wa ufilisi. Mwaka 2010 ikashuka, ikatoka kabisa katika Ligi ya Soka. Mei 2011 ilikuwa na siku moja ya jua. Katika fainali ya Kombe la FA Trophy, linaloshindaniwa na klabu za nje ya ligi hiyo, Chris Senior aliifungia bao pekee dhidi ya Mansfield huko Wembley, nyongeza ya dakika 30 ikielekea ukingoni. Miezi minane baadaye, Januari 2012, msimamizi wa ufilisi aliitwa kwa mara ya tatu.

Safari hii waliojitokeza ni mashabiki. Walichangishana, wakanunua hisa, wakaianzisha klabu upya kwa jina la Darlington 1883. Chama cha soka kiliiteremsha hadi ngazi ya tisa. Uwanja wa viti 25,000 wakauacha, na klabu ya raga, Darlington Mowden Park, ikauchukua. Wenyewe wakaenda kupanga uwanja mji wa Bishop Auckland. Wakiwa hawana nyumba, wakapanda daraja mara tatu katika misimu minne. Desemba 2016 walirejea mjini kwao, katika uwanja mdogo wa Blackwell Meadows wanaotumia pamoja na klabu nyingine ya raga.

Msimu huohuo wa 2016/17 walimaliza katika nafasi ya tano, iliyotosha kuingia mchujo wa kupanda daraja. Wakazuiwa. Kanuni zilitaka viti 500, na Blackwell Meadows haikuwa navyo. Klabu iliyokuwa imezama kwa wingi wa viti ikanyimwa haki yake uwanjani kwa uchache wa viti.

Viti vya waridi

Turudi Sunderland, kwa sababu historia yake haikuishia kwenye mafanikio wala kwenye aibu. Kati ya 2007 na 2017 ilikaa Ligi Kuu miaka kumi, mingi ikiwa ya kuponea chupuchupu. Kisha ikashuka mara mbili mfululizo na mwaka 2018 ikajikuta daraja la tatu. Dalili zilikuwa kwenye viti vyenyewe. Vilikuwa vyekundu mwaka 1997, na jua la miaka 20 lilikuwa limevichubua hadi vikawa na rangi ya waridi, na kwa muda mrefu hakuna mwenye fedha aliyeona umuhimu wa kuvibadilisha. Uongozi mpya ulipoingia kiangazi hicho, mashabiki walialikwa kuja kusaidia kazi. Wakaingia majukwaani, wakavifungua vya waridi na kufunga vyekundu.

Tarehe 26 Desemba 2018, dhidi ya Bradford City, walikuja watu 46,039, rekodi ya daraja la tatu tangu lianze kuitwa League One. Wastani wa msimu ukapita 30,000, idadi ambayo klabu kadhaa za Ligi Kuu hazikuwa nayo. Hapo ndipo thamani ya uwanja ilipoonekana, mahali ambapo wajenzi wake hawakuwahi kuahidi. Haukuizuia klabu kuanguka, ila ulizuia isifike chini kabisa. Huko madaraja ya chini, kama Darlington ilivyojifunza kwa machungu, pesa ya mlangoni ndiyo inayolipa mishahara, na Sunderland walikuwa na mlango mpana na watu wa kuupitia.

Walikaa daraja la tatu misimu minne. Kyril Louis-Dreyfus alikuwa mwenyekiti Februari 2021, na sera ikawa kusajili vijana, kuwapa nafasi na kutolipa zaidi ya uwezo. Mwaka 2022 wakapanda. Tarehe 24 Mei 2025, katika fainali ya mchujo Wembley, walikuwa nyuma dhidi ya Sheffield United. Eliezer Mayenda akasawazisha, na katika dakika za nyongeza Tom Watson, kijana aliyelelewa na klabu yenyewe, akafunga la pili. Sunderland ikarudi Ligi Kuu baada ya miaka minane, ikiwa na uwanja uliokuwa umetimiza karibu miaka 28. Middlesbrough nayo, iliyoshuka mwaka 2009, hadi Mei 2025 ilikuwa imerudi juu kwa msimu mmoja tu. Riverside yake ni ileile iliyoona safari ya kwenda fainali ya Ulaya.

Kinachotangulia

Ukizipanga klabu hizi tatu pamoja, jibu la swali la kama uwanja mpya huibadili klabu linajitokeza. Kila uwanja ulikuza kile ulichokikuta. Middlesbrough iliupata ikiwa na mmiliki mvumilivu na timu inayopanda, ukakuza vyote viwili. Sunderland iliupata ikiwa na maelfu ya watu waliokosa nafasi, ukawapa nafasi, na wakabaki hata timu ilipooza. Darlington iliupata ikiwa na watazamaji 3,000 na ndoto ya mtu mmoja. Uwanja ukaikuza ndoto na deni lake, lakini wale 3,000 hawakuwahi kutosha kuujaza.

Msomaji wa Dar es Salaam ana mfano wa upande wa pili karibu naye. Simba na Yanga zimezoea kucheza katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, mali ya serikali, na bado Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikafika 2025. Hilo halina maana kwamba klabu isijenge. Mapato ya uwanja wako, tarehe za mechi unazopanga mwenyewe na matangazo unayouza mwenyewe ni mambo yenye faida. Ila klabu hizo zilikuwa na umati kabla ya kuwa na saruji, na umati ndio msingi wa hesabu zote.

Kwa hiyo kiongozi wa klabu inayoyumba anaposimama mbele ya wanachama akiwa na mchoro wa uwanja, maswali ya kumuuliza si ya paa wala ya idadi ya viti. Aulizwe wiki iliyopita walikuja wangapi, na kwa nini wengine hawakuja. Aulizwe uwanja utakuwa wa nani siku deni litakapokomaa. Aulizwe nani atabaki kuilipa mishahara timu ikishuka. Gibson angekuwa na majibu mwaka 1995. Reynolds hakuwa nayo mwaka 2003, na viti vilikuwa vimekwisha kufungwa.